Pick up si kuokota tu

Mimi kazi yangu ni kaunta ya mizigo kwa saco moja ya matatu hapa Kisumu, na kama kuna neno la Kiingereza nimelitumia mpaka likaisha utamu ni pick. Mzigo ukishuka kutoka Nakuru ama Kakamega nampigia mwenyewe, "mzigo wako umefika, kuja upick", yeye ananiuliza kama anaweza tuma mtu wa boda akuje ampickie, hapo hapo dere anapitisha kichwa kwa dirisha anataka kujua kama kuna abiria wa kupick Ahero, na jioni nikifunga lazima kuwe na mtu anapiga simu mbio mbio juu ya keki ya birthday yenye imekaa hapo tangu saa sita na krimu imeanza kuteremka pole pole upande wenye jina liliandikwa.

Sasa mtoto wa dada yangu yuko Fomu Tatu, na juzi akanitumia picha ya kazi ya shule kwa WhatsApp. Ni lile swali la grama lenye kila mtu amefanya KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, ya Kiingereza analijua, peipa ya pili, unapewa sentensi, kuna neno limepigwa mstari chini, unaambiwa ulitoe uweke phrasal verb, yaani verbu na kaneno kadogo nyuma yake, yenye inaanza na neno fulani. Lake lilikuwa pick. Akaandika, "Anko, si pick up ni kuokota? Mbona hii ingine jibu ati ni kujifunza na hii ingine ni kupona?" Nikamwambia angoje nimalize laini ya watu, lakini ukweli nilikuwa nataka nifikirie kwanza, juu swali lenyewe si la mtoto.

Alikuwa amepewa listi ya kukariri. Pick up: lift, collect, learn, acquire, improve, resume, detect, arrest. Basi. Hakuna mfano hata mmoja, ni maneno tu yamepangwa na koma. Mimi listi za sinonimu sizipendi na nitasema ni kwa nini, zinakudanganya ati maneno hayo yanabadilishana viti, ilhali ukijaribu tu kidogo unaona hayabadilishani. Homa huwezi kuicollect. Polisi hawawezi kukulearn. Na hata pale maana inakaribiana, uzito sio mmoja, hayo maneno ya collect, acquire, resume na detect yana asili ya Kilatini, mengi yalifikia Waingereza kupitia Wafaransa na vitabu vya wasomi baada ya Wanormani kuvamia Uingereza mwaka wa 1066, na mpaka leo yanatembea yamevaa tai. Pick up ni ya nyumbani. Hebu fikiria nimtumie mteja meseji ya "kindly acquire your parcel", si atadhani ameshtakiwa.

Kwa hivyo nikamwambia asahau listi, aanze na maembe.

Kuna embe iko juu kwa mti na kuna embe imeanguka chini. Ya juu Mwingereza anasema pick, bila kitu kingine, na sisi tunasema kuchuma, ama kuangua kama unatumia upembo. Ya chini Mwingereza anasema pick up, sisi tunasema kuokota. Umeona hapo? Sisi tuko na verbu mbili tofauti kabisa, yeye ako na moja halafu anaongeza kaneno kadogo nyuma. Ni kitu hicho hicho na majani chai, ukienda Nandi ama Kericho watu wanaopick tea wako shambani na vikapu mgongoni, lakini ukiambiwa u-pick up tea unapitia duka ununue pakiti. Kaneno kadogo ndiko kamefanya kazi yote.

Na si sisi wa Fomu Tatu peke yetu tumesumbuliwa na hako kaneno. Samuel Johnson, yule jamaa aliyetoa kamusi kubwa ya Kiingereza mwaka wa 1755, aliandika kwa utangulizi wake kwamba hii tabia ya kubandika kaneno nyuma ya verbu ndiyo inawapa wageni taabu kubwa kuliko zote, akatoa mifano kama set off na set out, na yeye mwenyewe alikuwa amejipa kazi ya kuziandika kwa makini. Lakini jina phrasal verb halikuwa limezoeleka wakati huo. Lilikuja kusambaa baada ya 1925, Logan Pearsall Smith, Mmarekani aliyehamia Uingereza, alipolitumia kwa kitabu chake, na akasema amelipata kutoka kwa Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi ya Oxford. Mwaka huo huo wa 1925, na hii hapa napenda sana ingawa hazihusiani, Ford huko Marekani wakaanza kuuza Model T yenye bodi ya nyuma wazi wakaiita Pickup, bei dola 281, na hivyo ndivyo karibu miaka mia baadaye mimi nashughulika na pikapu ya viazi kutoka Molo yenye imeziba mlango wa ofisi na mwenyewe hashiki simu.

Hashiki simu. Wacha nikae hapo kidogo, juu hapo ndio nilianza kuona kitu.

Kamusi nyingi ukifungua pick up utapewa okota, inua, chukua, halafu mambo inaisha. Lakini kaa kwa kaunta siku moja usikilize Kiswahili chenye watu wanaongea kweli. Mtu ha-pick up simu, tunasema hashiki. Gari ime-pick up speed, imeshika kasi, ile venye matatu ikishamaliza kushusha watu Ahero inaingia pale barabara imenyooka katikati ya mashamba ya mpunga na dere anakumbuka ana trip ingine. Redio ime-pick up stesheni, imeshika. Simu hai-pick up mtandao, haishiki. Polisi wame-pick up mtu, ameshikwa. Mtoto ana-pick up haraka darasani, anashika haraka. Shika, shika, shika. Yaani verbu yenye kamusi haikutaja ndiyo inabeba karibu nusu ya kazi, na okota yenye imewekwa mbele inatumika kwa embe na shilingi kumi yenye imeanguka.

Na Kiluo ni vivyo hivyo. Mimi kwetu ni upande wa Kakamega, Kiluo nimekiokota hapa hapa steji, na nilishangaa kuona mako inafanya mambo yale yale, unamako samaki, polisi wanamako mtu, na malaria inakumako pia. Kuokota kitu chini wako na lao, kwanyo, na kuinua ni ting'o, na kuendea kitu mahali kama maji mtoni ni omo. Mwingereza hizo zote anaweza kuziweka ndani ya pick up na asione shida yoyote.

Ugonjwa ndio unanifurahisha zaidi. Mwingereza akisafiri arudi na homa anasema ame-pick up homa, kama mtu aliyeipata kwa rafu akaiweka kwa kikapu, yeye ndiye mtendaji. Sisi hapana. Mimi sijashika homa, homa imenishika mimi, nimeshikwa na homa, nilikuwa zangu nimekaa na ikanikujia. Na ukiangalia vizuri hata kwa polisi tunafanya hivyo, ni nadra sana usikie habari mtaani ya "polisi wamemshika fulani", kwanza unasikia "fulani ameshikwa". Ama "amebebwa", na hiyo ni hadithi ingine, kushikwa unaweza kushikwa kwa heshima ukitembea mwenyewe mpaka kituoni, lakini kubebwa kuna lori na kuna watu wamekaliana. Pick up ya polisi kwa Kiingereza iko katikati ya hizo mbili, na hapa tena ile listi ilikosea, juu arrest ni neno la sheria lenye lina haki zake na saa zake, lakini kupickiwa unaweza kupickiwa tu uende uulizwe maswali na jioni uko nyumbani.

Sasa kujifunza. Learn ukilipia karo ni learn, haina u-pick up hapo. Pick up ni ile lugha imekuingia bila mwalimu, umekaa na watu, umesikia matusi kwanza halafu salamu halafu bei. Kiswahili kiko na okota ya namna hiyo, kuokota maneno mtaani, na kinaenda mbele zaidi juu ukisema mtu anaokoteza maneno umeshamtukana kidogo, kuokoteza ni hapa kidogo na pale kidogo bila mpango, kama kuni za mtu amekosa pesa ya makaa. Mwanafunzi akiandika kwa mtihani ati ali-pick up Kifaransa chuo kikuu kwa miaka minne, si kosa la grama, lakini wazazi wake wataumia.

Kuna zile zenye shika inakataa kabisa. Ya kwanza ni watu. Ku-pick up mtoto shule sio kumshika, ukimshika mwalimu atauliza wewe ni nani. Ni kumchukua, ama kumwendea, ama tamu kuliko zote kumpitia: "nitakupitia saa kumi", hapo umesema gari iko na safari yake na wewe uko njiani. Pick up haina huo undani, haisemi kama umetoka kwako kwa ajili yangu peke yangu ama ulikuwa unapita, na kusema ukweli kuna mapenzi mengi yameharibika kwa hiyo tofauti.

Ya pili ni kuendelea na kitu kilichokatika. Pick up where we left off. Hii watu wanajaribu kuitafsiri ati "tuokote tulipoacha" na inasikika kama mmeangusha kitu njiani, wacha tu, sema tuendelee pale tulipoishia na hakuna mtu atakuuliza kitu.

Ya tatu ni biashara. Biashara ime-pick up ni imechangamka, ama imeamka. Kibuye Jumapili asubuhi mapema bado wamama wa mitumba wanafungua marobota, wale wateja wajanja wameshainama wanachagua kamera, yaani zile nguo safi za kwanza kabla mkono wa mtu mwingine haujafika, lakini soko lenyewe bado halijachangamka, subiri watu watoke kanisani. Na upepo nao, pale Dunga mchana ukipanda jua, hewa inaanza kutoka ziwani kuja nchi kavu, Mwingereza atakuambia the wind is picking up, mvuvi atakuambia upepo umeanza kukaza, na ukikaza zaidi ziwa limechafuka na hapo hakuna mtu anabishana na mwingine juu ya neno gani litumike.

Mgonjwa ku-pick up, hiyo yenye ilimchanganya mtoto wetu, ni kupata nafuu. Improve iko sawa hapo, naipatia.

Kuna na nomino zake, na hizi zilinikumbusha kijana mmoja wa benga alikuja kaunta kungoja spea ya gitaa kutoka Nairobi, boksi dogo hivi, riseti imeandikwa pickup, na mimi nilikuwa natafuta pikapu ya gari sioni. Akanifungulia. Ni kipande kama sabuni ndogo ya hoteli, ndani kuna sumaku na waya mwembamba umezungushwa mara nyingi sana, inakaa chini ya nyuzi, uzi wa chuma ukitikisika juu yake waya unapata umeme kidogo unaoenda kwa amplifaya. Hapo Kiswahili ni kunasa, kifaa kinanasa mtikisiko. Magitaa ya kwanza ya namna hiyo yalianza kuuzwa Marekani miaka ya mwanzo ya 1930, na bila hicho kipande sijui ile gitaa ya solo ya benga yenye inaongea kama mtu ingesikika vipi kwa harusi ya watu elfu.

Na pick-up line. Hapa Sheng imetushinda sisi wote, ni mistari. Kutupa mistari, kukatia. Hakuna mtu ataokota hapo, ingawa wengine husema fulani ameokotwa klabu, na hiyo si sifa kwa yeyote kati yao.

Narudi kwa kitu kimoja chenye walimu wanapigania sana, ile ya kwamba Wakenya tunaangusha up. "I will pick you at four." "Pick your parcel." "She didn't pick my call." Mwalimu anaweka mduara mwekundu. Na kwa karatasi ya mtihani ana haki, mtoto aandike up yake apate maki aende. Lakini nje ya karatasi mimi sioni kosa, naona mantiki. Tunajua up kwa Kiswahili ni juu, na mtu anangoja steji hajalala chini, wala mzigo wangu hauko chini, uko kwa rafu juu ya kichwa changu, sasa up ya nini? Halafu angalia embe tena: up inahitajika pale ambapo unaweza changanya ya mti na ya chini. Vifurushi havioti kwa miti. Abiria hawachumwi. Watu wa Afrika Mashariki wamefanya hivi tangu zamani, si pick tu, utasikia pia jambo "limecrop" bila up, halafu kwa upande mwingine tunaongeza up pale Mwingereza haweki, cope up with, sijui ni ile tulikuwa tumeweka akiba.

(Tena kuna mzaha humo ndani. Kwa Kiswahili chetu cha Kenya juu ni "kwa sababu" pia. Kwa hivyo up imetuzunguka pande zote.)

Kitu chenye ningetaka mwalimu akazie badala ya hiyo duara nyekundu ni mahali pa kuweka it. Unaweza kusema pick up the parcel, unaweza kusema pick the parcel up, zote sawa. Lakini jina la mzigo likibadilika liwe it, linaingia katikati lazima, pick it up, na ukisema pick up it umejulikana saa hiyo hiyo ati unatoka nje. Nilimweleza mtoto hivi: kwa Kiswahili ukisema "chukua mzigo" mzigo uko nyuma, lakini ukiacha kuutaja unasema "uchukue", na hiyo u imeruka ikakaa mbele, haiwezi kubaki mkiani. Kwa verbu kama hizi vineno vidogo vya kuwakilisha vitu havipendi kukaa mkiani, kwao na kwetu. Akaniandikia "oooh" yenye o nyingi, na hiyo kwa kijana wa miaka kumi na sita ni shahada.

Pick on, pick at na pick out ziwekeni kando, si ndugu wa pick up hata kama zinafanana sura. Pick on ni kumwandama mtu, pick at ni kudonadona chakula bila kula, pick out ni kuchagua ama kutambua mtu katikati ya wengine. Pick up on ndiyo ya kuangalia vizuri, hiyo ni kung'amua kitu chenye hakijasemwa, kama vile mama ananing'amua kwa simu kwamba sijala hata kabla sijamaliza salamu.

Na ya mwisho kwa ile karatasi ilikuwa ya bili, pick up the bill. Listi haikuwa nayo kabisa. Hii ilianza kama kitendo cha mkono, weita anaacha karatasi mezani na mwenye ameiinua ndiye amejitolea kulipia wote. Kiswahili cha kwetu hakina neno la pekee, mtu anasema tu "leo ni mimi" ama "wacheni hiyo". Lakini ukienda kula samaki na marafiki siku hizi hakuna karatasi ya kuinua, ni namba ya till, ya kulipia kwa simu, imebandikwa kwa ukuta na nusu imefutika, na mwenye anauliza kwanza "till ni ngapi?" ndiye ameshikwa na bili, hata kama alikuwa anauliza tu.